Wimbo Ukitoka Studio, Nota Zake Ziko Wapi?

Kwaya nyingi za hapa Dodoma zina albamu. Ukifungua simu utazikuta: sare za kitenge, milima kwa nyuma, kinanda kimewekwa kwenye majani. Lakini mwombe mwalimu wa kwaya hiyo nota za wimbo mmoja ili na kwaya yako iuimbe Pasaka, na mara nyingi utajibiwa, "Sikiliza tu, mwalimu, utaudaka." Sauti ya kwanza utaidaka. Ya pili labda. Ya tatu, iliyofunikwa na gitaa na ngoma, utaibuni mwenyewe. Ndivyo wimbo unavyotungwa kwa sauti nne na kufika parokia ya pili ukiwa umebaki na mbili.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nota hizo, mara nyingi, zipo. Zimelala ndani ya kompyuta ya studio ile ile iliyorekodi albamu. Programu iliyotumika ilinasa kila kidole cha mpiga kinanda, na ndani ya programu hiyo hiyo, mara nyingi, kuna dirisha linaloweza kuonyesha wimbo wote kwenye mistari mitano. Wachache hulifungua. Wanaolifungua hushtuka kwa wanachokiona na kulifunga upesi. Mimi ni mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kukaa pembeni ya prodyuza, tukiigeuza ile fujo kuwa karatasi ambayo mwimbaji wa alto anaweza kuishika na kuimba. Kazi hiyo inafundishika.

Tuanze na kinachorekodiwa. Kinanda kikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa MIDI au USB, kinachopita kwenye waya ni taarifa fupi fupi, wala si sauti: kibonye namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, kisha kimeachiwa. C ya katikati ya kinanda ni namba 60. Nguvu ya kidole hupimwa hadi 127. Mfumo huu ulionyeshwa hadharani Januari 1983 huko Marekani, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM, pale kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa na kinanda cha Roland ya Japani. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, watu wawili waliousukuma mpaka kampuni shindani zikakubali kutumia lugha moja, walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Walistahili. Bila makubaliano yao, kinanda cha kanisani kwetu kisingezungumza na kompyuta ya jirani.

Ila mfumo huo una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo mzizi wa shida yote. Haujui wimbo uko ufunguo gani. Haujui silabi. Haujui kama nota namba 68 ni G shapu au A flati, kwa kuwa kwenye kinanda hicho ni kibonye kimoja cheusi. Haujui hata kwamba ulikusudia kupiga nota ya pigo moja. Unajua tu kidole kilishuka lini na kikainuka lini.

Taarifa hizo programu huweza kuzionyesha kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ile ambayo vijana wa Bongo Fleva wameizoea: vipande vya mstatili vilivyolala kwenye gridi, kwa kando kinanda kimesimamishwa wima. Huitwa piano roli, jina lililotoka kwenye zile karatasi zenye matundu zilizokuwa zikiendesha piano za kujipiga zenyewe zama za mababu. FL Studio, inayotumika sana studio za mitaani, imejengwa juu ya sura hiyo, na haina dirisha la kuhariri nota kwenye mistari mitano. Ableton Live nayo haina. Sura ya pili ni mistari mitano yenyewe. Cubase inayo, Logic inayo, Reaper inayo tangu 2016. Ukilisogeza kichwa cha nota kwenye mistari hiyo, kipande chake kwenye piano roli nacho kinasogea na sauti inabadilika, maana ni taarifa ile ile inayotazamwa kwa sura mbili.

Sasa fujo inatoka wapi? Chukua tendo dogo kabisa: mpiga kinanda amepiga nota moja ya pigo moja. Katika Cubase, pigo moja kwa kawaida hugawanywa vipande vidogo 480. Kidole cha mwanadamu hakishuki kwenye sifuri kamili. Tuseme kimeshuka kwenye kipande cha 38, kikakaa vipande 431, kikainuka kwenye 469. Kwa wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, kuchelewa kwa vipande 38 ni chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio halilalamiki, kwaya inaimba, watu wanalia kwa furaha. Ila programu ikiambiwa ionyeshe mpaka sehemu ya nane ya pigo, yaani kila vipande 60, itapima: 38 iko karibu zaidi na 60 kuliko na sifuri. Basi itaandika pumziko dogo la moja ya nane ya pigo, kisha nota yenye vishikio vitatu, kisha upinde wa kuunganisha, kisha nota nyingine. Nota moja ya kawaida imekuwa alama nne. Zidisha kwa sauti nne, zidisha kwa vipimo 64, na ukurasa unakuwa mweusi.

Kijana mmoja prodyuza, hodari sana wa kuchanganya sauti, alinionyesha ukurasa wa namna hiyo akaniuliza, "Mwalimu, hivi huyu mpiga kinanda anajua kazi kweli?" Nilimwambia anajua sana. Programu ilikuwa imeandika kila alichokifanya, na haikuwa imeambiwa alikusudia nini.

Dawa ni kuiambia. Na hapa ndipo pana njia panda ambayo naomba kila mwalimu wa kwaya aielewe, hata kama kompyuta atashikiwa na mwingine.

Njia ya kwanza ni kukwantaiza taarifa zenyewe. Programu inazivuta nota zote kwenye gridi: ya 38 inarudi sifuri, ya 469 inasogezwa 480. Mistari inakuwa safi papo hapo. Lakini na wimbo umebadilika. Pale mpiga kinanda alipochelewa kidogo ili waimbaji wavute pumzi kabla ya kiitikio, sasa hachelewi tena. Kwa mdundo wa dansi njia hii inafaa. Kwa kinanda kinachosindikiza watu wanaoimba kwa mapafu yao, mimi huikataa.

Njia ya pili ni kuituliza picha peke yake. Cubase ya zamani huiita kwantaizi ya maonyesho na huiweka kwenye mipangilio ya kila mstari. Logic inayo yake kwenye dirisha la nota. Unaiambia programu: kwa macho ya msomaji, usionyeshe nota ndogo kuliko robo ya pigo. Sasa gridi ya kusomea ni kila vipande 120. Ile 38 inaonekana sifuri, 469 inaonekana 480, na kwenye karatasi kunabaki nota moja ya pigo moja, nyeusi, tulivu. Ukibonyeza kucheza, unasikia kidole kile kile chenye pumzi yake. Karani wa baraza huandika maneno ya mzee bila kuandika kikohozi chake, na mzee anabaki na sauti yake. Hivyo ndivyo inavyofaa kwa muziki wetu.

Hata hivyo, mpangilio mmoja hautoshi kwa wimbo mzima. Ubeti unaweza kutulia kwenye robo ya pigo, kumbe kwenye kiitikio kuna mbio za tatu ndani ya pigo moja, na programu iliyofungwa kwenye robo itazilazimisha ziwe mbili ndogo na moja kubwa. Hapo unachagua vipimo vile tu na kuvipa ruhusa ya tatu-tatu. Kuna pia swichi ya kuzuia nota zisipandiane, nzuri kwa mpiga kinanda anayeunganisha vidole, na swichi ya mdundo wa kupishana, ambayo nota ya pigo zima ikianza katikati ya pigo huionyesha kama nota moja badala ya mbili zilizofungwa kwa upinde. Swichi hii ya mwisho siiwashi wimbo mzima. Kipimo cha mapigo manne kinapaswa kumwonyesha mwimbaji pigo la tatu liko wapi. Ukilifunika kwa nota ndefu, besi watapotea, na besi wakipotea kanisa zima linajua.

Yote hayo yanadhania kwamba mpiga kinanda alifuata kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo. Wengi wa wapiga kinanda wetu wakubwa hawaipendi kliki, na sidhani kama wanakosea. Wamekua wakifuata mkono wa mwalimu. Basi kabla ya kugusa nota yoyote, mwambie prodyuza aivute mistari ya vipimo ifuate uchezaji. Kwenye Cubase kuna kifaa cha kunyoosha muda kwa kazi hiyo: unamsikiliza mpigaji, unalisogeza pigo la kwanza la kila kipimo pale alipolipiga, na programu inakokotoa mwendo wenyewe. Inachosha, lakini bila hatua hii kila kitu kinachofuata ni kupaka rangi ukuta uliopinda.

Kisha aina ya kipimo. Programu ikifunguliwa inadhani ulimwengu wote unaimba mapigo manne. Sisi nyimbo zetu nyingi za kucheza kanisani zinakwenda kwa sita kwa nane au kumi na mbili kwa nane, mapigo yanayogawanyika kwa tatu. Prodyuza akiacha nne kwa nne, dirisha la nota litajaa vijibano vyenye namba 3 juu ya kila kundi. Msomaji anaweza kuimba hivyo, lakini amepewa adhabu bila kosa. Weka alama ya kipimo sahihi mwanzoni, kabla ya kurekodi au kuivuta mistari, na vijibano hivyo havitokei. Na ukikutana na ngoma inayopishanisha mbili na tatu, mkono mmoja ukihesabu hivi na mwingine vile, usitafute jibu kwenye menyu. Muulize anayepiga ngoma mguu unakanyaga wapi. Mguu ndio unaokupa kipimo.

Ufunguo nao unaandikwa kwa mkono. Wimbo ulioko D, ambako do ni D, ukipandisha fa kuwa fi unapata G shapu. Programu isiyoambiwa ufunguo inaweza kukuandikia A flati. Kwenye kinanda ni kibonye kile kile, namba 68, lakini mwimbaji anayesoma anaona sol iliyoshushwa badala ya fa iliyopandishwa, na sikio lake linajiandaa kwenda upande mwingine. Wako watakaosema hilo ni jambo la wasomi. Wakae siku moja kwenye mazoezi ya alto wanaosoma karatasi yenye makosa ya aina hiyo.

Suala la sauti nne ndilo linalokula muda wangu kuliko yote, na ndilo ambalo studio zingeweza kuliepuka kwa uamuzi mmoja mdogo. Mpiga kinanda anapopiga sauti zote nne kwa mikono miwili kwenye traki moja, programu haina njia ya kujua teno ni nani. Inachofanya ni kukata katikati: kila kilicho juu ya C ya katikati kinakwenda kwenye klefu ya G, kilicho chini yake kwenye klefu ya F. Teno wetu hupanda mpaka E na F za juu ya C hiyo bila tabu, na alto hushuka chini yake. Matokeo yake, teno anaruka kwenda kwa akina mama, kipimo kinachofuata anarudi, na alto anaporomoka kwenda kwa wanaume. Unaweza kusahihisha nota moja moja, ukiichagua na kuiambia iko sauti ya ngapi. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi na sioni fahari yoyote ndani yake. Uamuzi mdogo ni huu: kabla ya kuanza, fungua traki nne na mpigaji apige kila sauti kivyake. Soprano, alto, teno, besi. Halafu ziunganishe kwenye mistari miwili, sauti ya kwanza na ya tatu vijiti vikielekea juu, ya pili na ya nne vikielekea chini. Programu zote nilizozitaja zenye mistari mitano zinakubali sauti zaidi ya moja kwenye mstari mmoja.

Dirisha la nota lina huruma ndogo kwa vidole vilivyogusa pembeni. Kidole kikigusa kibonye cha jirani kwa nguvu ya 9 kati ya 127, kwa muda wa kupepesa jicho, hakuna anayesikia. Kwenye mistari mitano mguso huo unasimama mweusi kama nota nyingine yoyote. Usiiombe programu izifiche nota hizo. Fungua orodha ya taarifa, zipange kwa nguvu, zitazame zile hafifu moja moja na ufute zisizokusudiwa. Katika kuzitazama utagundua na mambo mengine: teno na besi wanaotembea sambamba kwa tano, alto anayerudia nota ya soprano kipimo kizima. Sikio lilikuwa limeyapita hayo yote kwa sababu ya utamu wa ngoma. Mtunzi akiletewa hayo akiwa na penseli bado mkononi, wimbo unapona kabla haujarekodiwa, na hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko hata karatasi yenyewe.

Maneno. Programu za nota huweka silabi moja chini ya nota moja. Kwenye MuseScore, kwa mfano, kistari kinakata silabi na nafasi inakupeleka neno linalofuata. Kiswahili ni rafiki wa kazi hii kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Hatari iko kwenye M na N. Mtoto ni silabi tatu, m-to-to, na M ile inahitaji nota yake. Mbegu ni mbili tu, mbe-gu. Nchi ni mbili, n-chi. Prodyuza aliyezoea kukata maneno kwa macho atakuandikia mto-to, na wageni wakiisoma wataimba habari za mto. Na pale waimbaji wanapounganisha irabu, wakaimba "na amani" kwa nota tatu badala ya nne, tumia alama ya kuunganisha silabi mbili chini ya nota moja, ili mwimbaji asiye wa kwaya yenu ajue mlivyokusudia.

Nimezungumzia mistari mitano, lakini najua nusu ya wanaosoma makala haya wamelelewa kwenye solfa. Mimi pia. Solfa hii yenye herufi, nukta pacha na vistari ilikamilishwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyeijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897, kule Afrika Kusini, wimbo ambao muziki wake leo tunausimamia tukiimba Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa solfa. Alifariki mwaka 1905. Muziki wake umekuwa wimbo wa taifa letu tangu uhuru wa Tanganyika 1961, na hakuna sauti yake iliyorekodiwa tuliyojifunzia. Tulijifunzia maandishi.

Programu kubwa za studio hazina dirisha la solfa. Zile zenye dirisha la nota zinamchukulia msomaji wa mistari mitano kuwa ndiye msomaji. Njia ninayoitumia ni kupitisha wimbo kwenye MuseScore, programu ya bure ambayo ina historia ya kupendeza kwa mada yetu: Werner Schweer, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza programu ya studio iitwayo MusE, mwaka 2002 alikata sehemu ya nota kutoka ndani yake na kuifanya programu inayojitegemea. MuseScore inaweza kuandika jina la solfa ndani ya kichwa cha kila nota, kwa do inayohama. Do hiyo inafuata ufunguo ulioandikwa mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo kama hukurekebisha ufunguo kule studio, itaiita kila nota kwa jina lisilo lake. Karatasi ya namna hiyo inawakutanisha kwenye ukurasa mmoja msomaji wa mistari na msomaji wa solfa. Solfa kamili ya herufi na nukta pacha bado naichapa mwenyewe, nikiisoma kutoka kwenye mistari iliyokwisha kusahihishwa.

Kuna muziki ambao mistari mitano haiwezi kuumiliki, na hapa Dodoma siwezi kuupita kimya. Ilimba, ala ya vibao vinavyopigwa kwa vidole, na uimbaji wa Kigogo, ule ambao mwanamuziki Hukwe Zawose aliupeleka duniani kabla ya kufariki mwaka 2003, hufuata kwa karibu sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unaotetema. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya kibonye cha piano kwa karibu thuluthi moja ya nusu toni. Ya tano iko chini pia, kwa kiasi kidogo zaidi. Ukiirekodi ilimba kwa maikrofoni na kuiagiza programu igeuze sauti kuwa nota, itachagua kibonye kilicho karibu na kukuandikia flati safi, kana kwamba mzee aliyechonga ilimba alishindwa kuilinganisha. Hakushindwa. Taarab asilia ya Unguja ina jambo linalofanana na hilo, maqamu, yaani ngazi za sauti, kama rasti na bayati zenye hatua za robo toni ambazo kinanda hakina kibonye chake. MuseScore ina alama za robo toni, na kuna flati zenye mshale wa kushuka, zitumie. Kwenye ukurasa wa kwanza andika kwa maneno kwamba sauti hii huimbwa chini ya piano, na ambatisha rekodi ya mwimbaji wa asili. Usikubali kamwe karatasi imsahihishe mzee.

Liko pia suala la uhai wa faili. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuacha kuiendeleza Finale, programu ya nota iliyokuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo watunzi wengi ninaowafahamu wameandikia nyimbo za Misa za maisha yao yote. Novemba mwaka huo huo Cubase 14 ikatoka na dirisha jipya la nota, lililojengwa kwa teknolojia ya Dorico, programu dada ya kampuni hiyo hiyo ya Steinberg. Hivyo menyu nilizozieleza zinaweza kuwa zimehamia mahali pengine kwenye toleo lako. Faili inayodumu kuliko menyu ni MusicXML, umbizo lililobuniwa na Michael Good na kutolewa rasmi 2004 ili programu moja iweze kusoma nota za nyingine. Faili ya MIDI ukiipeleka kwenye programu nyingine inaacha nyuma karibu kila ulichokisahihisha: G shapu yako, mielekeo ya vijiti, mgawanyo wa sauti, maandishi yako. MusicXML huyabeba. Mwenye Finale kwenye kompyuta yake leo, azitoe nyimbo zake zote kwa umbizo hilo wakati programu ingali inafunguka.

Mwalimu mwenzangu, kwaya yako inapochanga fedha za kurekodi, weka nota kwenye makubaliano kabla ya malipo ya kwanza. Omba kila sauti irekodiwe kwenye traki yake ya kinanda. Siku ya kuchukua wimbo, uondoke na rekodi yenyewe, faili ya MIDI, faili ya MusicXML na PDF iliyosomwa na mwimbaji mmoja wa kila sauti mbele yako, huku akiimba. Nakala moja ikae ofisi ya parokia au usharika, nyingine kwako. Na wewe prodyuza, usifute projekti ya kwaya kwenye kompyuta yako kabla hujampa mwalimu faili hizo.